Mwiko wa Mama na Sindano Mbili

Sogeeni karibu, wajukuu, mnyamaze. Haya yalimpata rafiki yangu Rosette, kule ughaibuni, mji wa Grand Prairie.

Mama yao alipokufa, kaka yake Kalume alimwambia, "Mpilipili wake wa hapa jikoni ukiwa mzima, chukua. Ukiwa umekufa, unaenda jalalani na takataka zake zote."

Rosette akaleta mashine ya kazini inayopitisha umeme kidogo shinani. Mmea ukiwa hai, mashine hulia tii, tii. Akachoma sindano mbili. Kimya.

"Nao umemfuata mama!" Kalume akacheka, akaung'oa.

Mvua ikatia giza jikoni. Rosette akalaza sindano juu ya mwiko mkavu wa mama, ule uliomchapa Kalume utotoni.

Tii. Tii.

"Zima hiyo!" Kalume akafoka.

"Nimeshazima, yaya, kaka yangu."

Kalume alirithi nyumba. Rosette alirithi mwiko. Mashine aliirudisha kazini, lakini Kalume akipiga simu, kabatini mwa Rosette, ulimo mwiko, kunalia tii, tii.