Jina la Kufungulia Machozi

Vizimajoto vilitapakaa juu ya jicho la Bi Mwamvita, vikaanza kazi. Kila kimoja kilikuwa mashine ndogo kuliko chembe ya vumbi, na kwenye kioo cha ukutani bintiye, Mhandisi Nyanzala, aliviona vikielea juu ya jicho jekundu kama pilipili. Aliviunda mwenyewe. Jiji zima la Tabora, lililoishi chini ya kuba la kioo na hewa kavu ya mashine, lilivitumia. Mama yake tu ndiye aliyevikataa miaka yote. "Vidudu machoni mwangu? Thubutu!"

Leo alikuja kwa miguu yake.

Nyanzala aliyajua maradhi hayo nje ndani. Hewa kavu hupunguza machozi, yanayobaki huzidi chumvi, na chumvi huichoma ngozi laini ya jicho. Ngozi ikiumia huita askari wa mwili. Ndio mchochota, ule wekundu na joto. Ubaya ni kwamba askari hao hupiga bila kuchagua. Huharibu hadi tezi za machozi, jicho hukauka zaidi, nao huitwa tena. Vizimajoto vilinyonya ile miito, askari wakatulia.

Wekundu ukafifia.

"Alhamdulillahi, ule mchanga uliokuwa ukinikwaruza machoni umetoka," mama akasema. Kisha akauliza taratibu, "Sasa nitalia?"

"Hapana, mama. Moto umezimika, lakini tezi ziliungua zamani."

Bi Mwamvita akaukunja upindo wa kanga yake. Siku aliyozikwa mumewe, alikaa mkekani na macho makavu, na mawifi wakanong'ona kwamba hana uchungu. Uchungu alikuwa nao, tena mwingi; ulikosa pa kutokea. Tangu hapo alichotamani hakikuwa kuona vizuri. Alitamani kumlilia yule mwanamume, hata mara moja.

Nyanzala akambandika nyuma ya sikio kichozi, kifuko kidogo cha machozi ya maabara chenye uzi mwembamba hadi kwenye kope.

"Hiki kitakulainishia macho kutwa. Ukitaka yamwagike, kinasikia neno. Chagua neno usilolitamka ovyo, yasije yakakutoka sokoni."

Mama hakufikiri sana. "Jina la baba yako."

"Basi litamke, kikusikie."

Hapo pakawa na kazi. Kwao mke hamtaji mume kwa jina. Katika ndoa yote alimwita Baba Nyanzala, akikasirika "huyu bwana," na hospitali walipouliza jina la mgonjwa alimsukuma bintiye ajibu. Akafungua kinywa, akakifunga, akacheka kwa aibu kama mwali.

"Nitajie wewe."

"Kinataka sauti yako, mama."

Akajifunika uso kwa kanga. "Kasanda," akanong'ona.

Chozi likadondoka. Halikuwa lake, lakini lilikuwa na uvuguvugu na chumvi, na lilipita palepale machozi yake yalipokuwa yakipita.

"Kasanda," akasema tena, kwa sauti sasa. "Kasanda, umeniacha na nani?"

Akaita na kuita. Nyanzala alisimama kando, hajui aitazame mashine yake au mama yake, naye mwenyewe analia bila kutaja neno lolote. Kanga ikalowa. Hatimaye kichozi kikatoa mlio mfupi: kimekwisha.

Bi Mwamvita akamgeuzia bintiye upande wa sikio.

"Jaza tena, mwanangu. Ndiyo kwanza nimeanza kumwita."