Nilimwonyesha Kifundo kwa Mkono Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, na natembea kwa mkongojo. Wanaoniona sokoni Kyuso hudhani nilianguka tu. Laiti ingekuwa hivyo...

Nilizaliwa hapa Kyuso, nikaolewa Kathonzweni na mwanaume niliyempenda kwa moyo wangu wote. Kanisani aliimba kwaya, mtu mpole ajabu. Nyumbani alikuwa mwingine kabisa.

Siku moja tulikuwa uani tukipura ndengu. Nilimuuliza kwa nini aliuza mbuzi niliyepewa na mama bila kuniambia. Aliinua fimbo ile ile aliyokuwa akipuria na kunipiga nayo usoni, kisha akanipiga tena. Nilisikia taya likipasuka. Nilitema damu na meno juu ya ndengu, watoto wangu wakiniangalia!

Wazee wa kanisa walinisihi nisiende polisi, eti hayo ni mambo ya nyumba. Nikanyamaza.

Hospitalini niliungwa kwa vyuma, lakini kidonda kilifanya usaha na mfupa ukaoza. Daktari akasema sehemu hiyo itolewe, na taya lijengwe upya kwa mfupa wa mguu wangu. Nililia sana. Ningetembeaje?

Alinieleza polepole. Wangechukua ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, lakini si wote. Kipande cha chini, kama upana wa vidole vinne juu ya kifundo, hangekigusa.

"Hapo ndipo kano zinashikilia kifundo, mama," aliniambia. "Nikitoa mpaka chini, mguu utalegea. Mimi nitalinda hicho kipande. Wewe pia ukilinde mpaka upone."

Upasuaji ulienda vizuri. Mume wangu alikuja kila siku, akalia kando ya kitanda, akaninywesha uji kwa mrija. Mwanaume anayekunywesha uji, utamchukiaje? Nilimsamehe.

Alipouliza habari za mguu, niliushika mkono wake nikauweka pale kifundoni. Nikamweleza yote, neno kwa neno kama daktari alivyonieleza. Alipapasa pale kwa kidole gumba, akamwomba Mungu anilinde. Nilijiona mwanamke mwenye bahati...

Nyumbani, mdomo wangu wa chini ulikuwa na ganzi. Uji ulinichuruzika kidevuni bila mimi kujua. Mwanzoni alinipangusa. Baadaye alianza kunisonya na kuniambia nakula kama ng'ombe mgonjwa. Nilipoona macho yake yamerudi yale ya siku ya ndengu, nilimwambia naenda Kyuso kwa mama mpaka nipate nguvu.

Alinisukuma nikaanguka chali mlangoni pa jikoni. Nilifunika uso kwa mikono yote miwili, nikilinda taya langu jipya. Uso hakuugusa. Alinivua kiatu nilichopewa hospitalini cha kulinda mguu, akaweka kisigino chake mahali pale pale.

"Si ulisema ni hapa kano zinashika?" akasema, bila hata kupandisha sauti. "Haya, enda kwa mamako sasa."

Alikanyaga, akakanyaga, mpaka wayo ukageukia ndani. Nilipiga mayowe kwa mdomo ule niliotengenezewa, na jirani akaja kunitoa.

Wazee wa kanisa walikuja tena. Mmoja alinitazama usoni akasema tushukuru Mungu, safari hii hakuumizwa sana. Nilifunua blanketi wakaona mguu. Hakuna aliyeomba siku hiyo. Kisha nilibebwa hadi kituo cha polisi, na taya lililotoka mguuni mwangu likasema kila kitu. Kesi inaendelea. Watoto ninao, lakini kifundo hakitashika tena kama zamani.

Dada yangu unayesoma haya, akikupiga mara ya kwanza, toka. Akilia, mwache alie. Na ukirudi kwa sababu ya machozi yake, tafadhali, usimwonyeshe palipobaki pazima. Daktari alikilinda kile kipande akiwa na kisu mkononi. Mimi nikamshika mume wangu mkono, nikampeleka mpaka pale.