Homa Aliyoificha Tilde

Bi Inger wa ghorofa ya pili ya jengo letu alidai aliona kila kitu. Alisema alikuwa anatoka dukani, akapita kando ya ua wa kituo cha kulelea watoto, akaona vigari vya watoto vimepangwa ukutani kama kawaida, na watoto wamelala ndani yake. Kimoja kilikuwa kinatikisika. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka, na walezi wako ndani wanakunywa kahawa. Walipomkumbuka, alisema, walimtoa akiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Kulala nje si kitu, sote tulilala nje na baridi haikutuua," aliwaambia watu ngazini. "Lakini kusahauliwa! Na kodi zetu ndizo zinazowalipa!"

Mtoto huyo alikuwa Viggo, wa mwaka mmoja na nusu. Hadi shule zinafungwa mchana, nusu ya mtaa wetu hapa mjini Randers ilikuwa inalijadili jambo hilo.

Ukweli ulianza asubuhi. Henriette, mama yake Viggo, alikuwa ameondoka mapema kwenda kufua mashuka ya hospitali, kazi aliyoipata baada ya kuitafuta sana. Baba alikuwa baharini akitengeneza mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Kumpeleka Viggo kituoni ilikuwa zamu ya dada yake Tilde, wa miaka kumi na miwili, akiwa njiani kwenda shule. Halmashauri ya mji hulipa sehemu kubwa ya gharama za kituo, ndiyo maana hata mzazi wa mshahara mdogo anaweza kwenda kazini akimwacha mtoto kwa watu waliosomea kulea.

Asubuhi hiyo Viggo alisukuma bakuli lake la uji wa shayiri. Tilde akamgusa shingo. Ilikuwa ya moto.

Sheria aliijua: mtoto mwenye homa hapokelewi kituoni. Ingebidi ampigie mama simu, na mama angerudi nyumbani, wakati kazini bado wanamjaribu. Wakimfukuza je? Tilde akafungua kabati, akatoa chupa ya dawa ya homa, akampa mdogo wake kiasi kilekile ambacho mama humpa. Alipomaliza kumvisha nguo za baridi, Viggo alikuwa ameshaanza kucheka na kumvuta nywele.

Mlangoni mwa kituo Viggo alipokelewa na Birthe, mlezi wake.

"Karibu, bwana mkubwa! Kalalaje huyu? Mzima?"

"Mzima," alisema Tilde, ameinamia buti za Viggo kana kwamba zimekataa kufunguka.

Siku nzima shuleni mwalimu alifundisha, Tilde akamtazama, lakini hakuna lililoingia. Kengele ilipolia alikimbia moja kwa moja hadi kituoni.

Alimkuta mama yake amekaa na sare ya kazi, Viggo amemlalia begani, macho mekundu. Birthe alikuwa na simu sikioni, anaongea na daktari. Na Bi Inger alikuwepo pia, kikapu mkononi.

"Piga simu halmashauri, Henriette," alikuwa akisema. "Huyu mwanamke asikaribie mtoto tena!"

"Bi Inger, ngoja kwanza, naongea na daktari," alisema Birthe. Uso ulikuwa umempauka. "Henriette, anauliza homa imeanza lini, na kama mtoto amepewa dawa yoyote leo."

"Hajapewa kitu. Asubuhi alikuwa mzima. Au siyo, Tilde?"

Wote walimgeukia. Tilde alimwona Birthe, simu bado sikioni, akisubiri jibu. Alimwona Viggo akihema haraka haraka.

"Amepewa," alisema. "Nilimpa mimi, dawa ya homa. Aliamka na joto."

Kisha Birthe akarudi kwenye simu, akamweleza daktari vizuri: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Akasikiliza, akashusha pumzi ndefu.

"Anasema kiasi hicho hakina madhara. Lakini homa ikiwa imekaa tangu asubuhi, anataka kumwona sasa hivi. Huenda ni masikio."

"Kwa hiyo hamkumsahau?" aliuliza Bi Inger kwa sauti ndogo.

"Nilitoka kuwaangalia, nikamkuta anawaka, nikambeba ndani. Hapo ndipo ulipopita wewe."

Bi Inger alihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule. "Basi niliunganisha mambo vibaya. Nitapita mlango kwa mlango nikaseme hivyo."

Birthe alichuchumaa mbele ya Tilde. Hakuwa na hasira.

"Dawa ilishusha joto, ugonjwa ukabaki. Uliposema mzima, nilimfunika mablanketi na kumlaza nje kama mtoto mzima. Ningejua, ningempigia mama yako pale pale. Na humu ndani kuna Asger mwenye kifua dhaifu, naye angeweza kuambukizwa. Mwanangu, siwezi kumlinda mtoto ambaye sijaambiwa ukweli wake."

"Nilidhani mama atafukuzwa," alisema Tilde, machozi yakimtoka.

"Nani kakwambia?" mama alishangaa. "Mtoto akiugua, siku ya kwanza naruhusiwa kubaki naye, na mshahara napata."

"Ulimwambia shangazi kwenye simu kwamba ukikosa hata siku moja wataanza kukuangalia vibaya."

Mama akamvuta Tilde ubavuni kwake kwa mkono uliokuwa huru.

Ilikuwa masikio kweli. Daktari alitoa dawa, akasema Viggo atakuwa anakimbia baada ya siku chache. Walipofika nyumbani mtoto alikula vipande viwili vya mkate mweusi uliopakwa maini ya kusaga, akatupa cha tatu sakafuni, na mama na Tilde wakamcheka hadi mbavu zikawauma.

Baadaye mama alijilaza kwenye kochi, Viggo kifuani. Tilde akakaa chini karibu na miguu yake.

"Mama," alisema, "ukiogopa tena mambo ya kazi, naomba uniambie na mimi. Sawa?"

Mama alikuwa ameshasinzia, shavu juu ya nywele za Viggo.