Pigo Moja Kizota

Mwanamke atajuaje kwamba mkono uliompiga ulikusudia kumwokoa, na kwamba kesho hautampiga tena? Mimi ninayesimulia sina jibu bado. Sidonia naye hakuwa nalo asubuhi aliyokutana na Obadia katika soko la Sabasaba, wala hakujua kwamba angelihitaji.

Walikishika kwa wakati mmoja: kipimo cha zamani cha mawimbi ya televisheni, chenye kioo cha duara na swichi za kuzungusha zilizojaa vumbi. Sidonia, mwanafunzi wa mambo ya habari, alikitaka kwa maonyesho ya chuo. Obadia, fundi wa Kizota aliyevaa ovaroli ya buluu iliyotobolewa na matone ya risasi ya kuchomelea nyaya, alikitaka kwa sababu alikuwa hajawahi kufungua kifaa cha aina hiyo.

"Dada, hiki hakiwaki."

"Umejuaje, kaka? Umekiuliza?"

"Nimekitikisa. Kinalia kama debe la karanga."

"Basi kakaange."

Obadia alicheka mpaka mwenye meza akageuka. "Kinunue wewe, nikitengeneze mimi. Maonyesho yakiisha, tugombane upya."

Hawakugombana upya. Kila Jumamosi Sidonia alifika karakana akiwa na gauni la kitenge cha njano, akaketi juu ya kreti la soda na kumshikia taa. Zabibu zilipoanza kuvunwa, Obadia alikuwa amekwisha kutuma washenga Nzuguni, kwa wazazi wa Sidonia, na siku ya kuchukua jibu ilikuwa imepangwa.

Wiki ya mwisho kabla ya siku hiyo, kifaa kikiwa wazi na kinawaka mezani, umeme wa mtaa ukakatika ghafla. Skrubu ikadondoka ndani. Sidonia aliamini kwamba umeme ukishaondoka, hatari nayo imeondoka, akapeleka vidole. Kijiti cha mbao mkononi mwa Obadia kikamshukia kwenye kifundo cha mkono.

"Mjinga wewe! Unataka kufa?"

Mafundi wote wa karakana waligeuka. Sidonia aliutazama mstari mwekundu ukivimba juu ya ngozi yake. Moyo ulimdunda kwa namna aliyoijua tangu utotoni, alipokuwa akienda kumtembelea dada yake Evelina na kusikia vyombo vikivunjika kabla hajabisha hodi. Evelina alirudi kwa wazazi akiwa na jino lililokatika. Sidonia aliondoka bila kuaga.

Simu iliita mara nyingi kabla hajaipokea.

"Sido, mpenzi, usikate."

"Naogopa, Obadia."

"Umeme ulikuwa bado umehifadhiwa ndani, kwenye kapasita. Ungekurusha."

"Shemeji naye alikuwa na sababu kila mara."

Obadia alishusha sauti. "Njoo na dada yako. Mwonyeshe mkono. Atakachouliza, nitajibu."

Evelina alifika na Sidonia, amejifunga kilemba cheusi, uso mkavu. Obadia alikiwasha kifaa, akachomoa waya ukutani, kisha akagusisha ndani yake bisibisi yenye mpini mnene. Cheche ya samawati ililipuka. Evelina aliruka nyuma na kumkumbatia mdogo wake.

"Kijiti nimekielewa," alisema. "Na lile tusi mbele za watu, lilimwokoa nani?"

Mafundi wengine wakainama, wakajifanya wanatafuta misumari.

"Hakuna, dada. Kijiti kilikuwa hofu. Hata leo ningekirudia. Tusi lilikuwa hasira, na hasira ilikuwa yangu. Nisamehe, Sido. Lakini siwezi kuapa kwamba sitakasirika tena."

"Mume wangu aliapa," Evelina alisema. "Aliapa vizuri sana."

Sidonia alitamani kumkimbilia Obadia. Alitamani pia kukimbilia barabarani. Badala yake alinyoosha mkono wenye alama. "Nipe bisibisi. Skrubu ile nitaitoa mimi."

Rangi ilimtoka Obadia. Aligusisha bisibisi mara nyingine, hakuna cheche; akampa, akarudi nyuma hatua mbili na kufunga mikono mgongoni. Vidole vya Sidonia vilipoingia kati ya nyaya, jasho lilimchuruzika fundi huyo mpaka shingoni. Vilipopotea njia na kukaribia kioo chembamba, midomo yake ilifunguka. Evelina alikuwa akimtazama yeye, si kifaa.

"Kushoto, mpenzi," Obadia alisema kwa upole. "Polepole. Hapo."

Skrubu ikatoka.

Jumapili, siku ya kuchukua jibu, sebule ya Nzuguni ilijaa harufu ya pilau. Sidonia alipiga magoti. "Shikamooni."

"Marahaba, binti," alijibu Mzee Bartolomayo, kiongozi wa washenga. "Kijana wetu hajala tangu jana. Tukamwambie nini?"

Sidonia alimtazama baba yake, kisha Evelina aliyesimama mlangoni.

"Mwambieni ninampenda, na hakuna mwingine ninayemtaka. Lakini bado naogopa, na sitaolewa nikiwa naogopa. Asubiri nimalize chuo. Mpaka hapo nitakwenda karakana kila Jumamosi pamoja na dada, nimwone akichoka, nimwone akikasirika. Akinitukana tena, wazee wangu, msirudi hapa. Asiponitukana, njooni, nami nitawapikia mwenyewe."