SHIMO LA NNE KWENYE KILIMA CHANGU

Jamani, mmeshawahi kuona kaburi lenu wenyewe mkiwa bado mnapumua?

Mimi nimeliona...

Asubuhi kweupe nimepanda kukagua kilima changu huku Buigiri, nakuta makaburi matatu! Wiki iliyopita hayakuwepo. Yamepangwa mawe, yamesimikwa misalaba ya miti. Pembeni kuna shimo la nne, liko wazi, na msalaba umelazwa ukingoni.

Umeandikwa kwa mkaa: HILDA.

Hilda ni mimi.

"Shemeji, umeamka mapema."

Nikageuka. Eliakimu! Kaka wa marehemu mume wangu, jembe begani, anatabasamu kama yuko harusini.

"Shemeji, nini hiki?"

"Makaburi ya wazee wetu. Baba yumo humo."

"Baba?! Si alizikwa Gulwe?"

"Nani atakwenda Gulwe kuuliza?"

Ngoja niwaeleze. Mume wangu aliniachia kilima kipara. Nikaacha visiki vichipue, nikagombana na wachoma mkaa, nikafukuza mbuzi wa watu mpaka nikaitwa mchawi. Sasa serikali imeleta mradi: anayetunza msitu kwenye ardhi yake analipwa kila mwaka. Wanangu wangesoma! Lakini kilima chenye makaburi ya wazee watu husema ni cha ukoo, si cha mjane. Na mkubwa wa ukoo ni nani? Eliakimu.

"Kesho maafisa wanakuja," akasema taratibu. "Ukifungua mdomo... shimo unaliona."

Nilikimbia huku nalia mpaka kwa mama mkwe, Mama Tereza, ingawa siku zote nilimwogopa. Nikamweleza yote. Akasikiliza huku anapepeta uwele, hata macho hakuinua.

"Nenda nyumbani. Usimwambie mtu mwingine."

Mungu wangu! Kumbe wako pamoja?!

Kesho yake nilipanda kilimani. Wanakijiji wamejaa. Eliakimu akamwongoza afisa wa mradi mpaka kwenye yale mawe.

"Hapa amelala baba yetu. Mama ni shahidi."

Mama Tereza akaitikia kwa kichwa. Kumbe kweli wako pamoja!

Afisa akafunga kishikwambi chake.

"Poleni sana. Basi kilima hiki tunakitoa kwenye mradi. Penye makaburi hatulipi."

"Hamlipi... hata kidogo?"

"Hata senti."

Eliakimu jasho likamtoka.

"Ngoja, afisa! Hamna mtu humo! Ni mawe tu, nimeyapanga mwenyewe!"

Weee! Tamaa mbele, mauti nyuma! Mtendaji wa kijiji alikuwa amesimama nyuma yake, anasikia yote. Mgambo wakamkamata palepale.

Afisa akanigeukia. "Hongera, mama. Msitu wako umepita."

"Na ile kanuni ya makaburi?"

"Hakuna kanuni hiyo." Akamtazama mama mkwe. "Huyu bibi alikuja ofisini jana na fimbo yake. Hayo maneno ni ya kwake."

Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilidhani mko pamoja."

"Ungesema wewe, wangesema mjane ana tamaa. Nilitaka aseme yeye."

"Na lile shimo, mama? Lilikuwa la kunitisha tu, si ndiyo?"

Machozi yakamshuka. Eliakimu ni mwanawe wa kumzaa, jamani.

"Yale matatu aliweka mawe juu tu, hakuchimba," akasema. "Lile lako amechimba mpaka kiunoni. Mwanangu, mtu hatoki jasho hivyo kwa ajili ya kutisha."

Mpaka leo sipiti upande ule peke yangu.

Wajane wenzangu, ndugu akikuonyesha shimo usiseme anatania. Kimbia ukaseme siku hiyohiyo, hata kwa yule unayemwogopa. Mimi ningekaa kimya, msimulizi leo angekuwa mtu mwingine.