Waya na Tarumbeta

Ko, ko, ko. Kabla hakujapambazuka, Teodora aligonga ukuta kwa mwiko. Upande wa pili pumzi ya mwanawe Luhende, iliyokatika katikati ya mkoromo, ikarudi kwa kishindo. Ndivyo alivyofanya kila alfajiri pale Butimba, na hakuwahi kumlaumu.

Mchana huo Luhende alikaa sokoni Mkuyuni akisubiri gari la bendi ya harusi, shati jeupe limenyooshwa, tarumbeta mapajani. Usingizi ukamchukua. Modesta, muuza vitenge, akamsogezea mwavuli jua lisimchome, kisha akaona kifua chake kimetulia mno.

"Kaka! Vuta pumzi!"

Luhende akashtuka. "Nimekoroma?"

"Bora ungekoroma. Ulinyamaza mpaka nikaanza kutafuta ndugu zako!"

Wakacheka, wakapeana namba. Miezi miwili simu hazikupoa.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Nimeamka, na napumua."

Modesta ndiye aliyemhimiza aende hospitali. Mashine ya kupuliza hewa usingizini ikamshinda. Daktari akasema taya zake zimekaa nyuma, zinabana njia ya hewa. Upasuaji wa kuzisogeza mbele ungemsaidia.

Baada ya hapo Luhende akaacha kupokea simu. Wiki mbili zilipopita, Modesta alivaa gauni lake la kitenge cha bluu, akaenda Butimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, samaki sato yuko jikoni."

Luhende akatokea mlangoni.

"Kama umepata mwingine," Modesta akamwambia, "sema hapa mbele ya mama."

"Mwingine nani? Mwenzangu wa bendi kaniambia kwa upasuaji huo lazima mtu afungwe waya kwenye meno, mwaka mzima. Nitapulizaje? Bila tarumbeta, nikuoe mimi kama nani?"

"Na daktari alisemaje kuhusu waya?"

Luhende akavuta kigoda, akakaa.

"Hukumuuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Mama, mwone mtu wako!" Modesta alicheka. Teodora alipomweleza habari ya mwiko, akaacha kucheka. "Kesho tunakwenda kuuliza."

Modesta aliuliza kama waya ni lazima, na daktari hakuwaharakisha. "Si kila mtu. Meno yakikutana vizuri, na taya zote mbili zikisogezwa pamoja, inawezekana bila waya. Yasipokutana, tunayapanga kwanza kwa waya, ili baada ya upasuaji mtu aweze kutafuna." Akampa Luhende kipande cha nta ang'ate, akakitazama kwenye mwanga. "Yako hayakutani. Wewe utahitaji."

"Na tarumbeta?"

"Midomo itauma mwanzoni. Kuna nta ya kufunika waya. Ukishapona upasuaji, utajifunza upya, taratibu."

Nje, upepo wa ziwani ukapeperusha kitenge cha Modesta. Akamshika Luhende mkono.

"Midomo ikiuma, piga ngoma. Ila harusi yetu utapuliza mwenyewe."

"Harusi yetu? Si mimi niliyepaswa kuomba?"

"Ulikuwa hupokei simu."

Luhende akacheka hadi mtu mmoja kwenye foleni akageuka. "Basi naomba sasa."

"Nimekubali. Kafunge waya."

Siku waya zilipofungwa, Modesta alimpelekea uji laini, akamsubiri anywe kidogo kidogo hadi kikombe kikaisha. Jioni Teodora alimsindikiza Modesta mpaka barabarani, mwiko bado mkononi.

"Uje tena, mwanangu," alisema. "Nikuoneshe pale ukutani ninapogonga."