Lifti ya Miaka Tisa

Saa tatu kasoro robo asubuhi, ukumbi wa chini wa jengo lile la ghorofa kumi na nne ulikuwa na watu themanini wenye haraka na lifti mbili zisizokuwa nayo. Moja ilikuwa imekwama ghorofa ya tisa. Ya pili ilikuwa wazi, na ndani yake alipiga magoti mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu, viatu vizito, tochi mdomoni, na kilemba cha zambarau kilichofungwa kwa ustadi ambao ovaroli ile haikuustahili.

Kijana mmoja mwenye miwani, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu, alijipenyeza hadi mlangoni.

"Dada, itachukua muda gani?"

Aliitoa tochi mdomoni. "Ukiniuliza mara moja, dakika ishirini. Ukiniuliza mara mbili, arobaini."

"Na nikinyamaza?"

"Wewe hujanyamaza tangu uzaliwe. Unaonekana tu."

"Nina kazi ya kukabidhi saa tatu. Mimi ndiye ninayeandika maneno yanayopita chini ya filamu."

"Kumbe ni wewe!" Sasa aligeuka mzima. "Yale maneno yanakimbia kabla sijamaliza kusoma! Miaka yote nilikuwa namtafuta wa kumlaumu."

"Tunahesabu herufi, dada. Sekunde moja, herufi kumi na saba."

"Basi andika machache, Profesa. Sogeza mguu, umekanyaga bisibisi yangu."

Mapenzi yao yalianza, kwa hiyo, kama malalamiko, na kwa kweli hayakuwahi kwenda mbali sana na asili yake. Kijana alimwita Fundi. Fundi aliendelea kumwita Profesa. Ulipotimia mwezi wa tatu walikuwa na ada yao: kila Jumamosi saa kumi alasiri, Profesa alipanda ngazi hadi nyumba aliyokaa Fundi na mdogo wake wa kike, mfamasia. Ilikuwa ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, jambo ambalo Fundi hakutaka lizungumzwe. Wote watatu waliketi kwenye kochi la kijani, runinga ikawashwa, na mateso ya kuchagua yakaanza.

Fundi alipenda filamu za kisayansi: sayari baridi, mashine zenye akili, watu waliolala miaka mia na kuamka wakiwa na nywele safi. Rimoti ilikuwa mkononi mwake.

"Hii. Roboti anayemlea mtoto."

"Hapana," alisema Profesa.

"Hii basi. Jua limezimika."

"Inachosha."

"Umejuaje inachosha?"

"Picha yake tu."

"Hii ya bahari iliyo chini ya barafu?"

"Fundi, mpenzi, tafadhali."

"Mpenzi tafadhali ndiyo jina la filamu?" aliuliza mfamasia, ambaye chai yake ilikuwa imepoa. "Dakika arobaini sasa. Mimi kazini nimeshachagulia watu dawa za moyo kwa muda mfupi zaidi."

Fundi aliamini kwamba mpenzi wake ana majivuno ya wasomi. Ukweli haukuwa wa kupendeza zaidi. Katika kila filamu kumi za namna hiyo zilizowekwa mtandaoni kwa lugha yao, sita zilikuwa zimepita mezani kwake. Mkataba wake ulimkataza kutaja kazi ambayo haijatoka. Yeye, mtu wa kutii mikataba kuliko inavyodai, alikuwa amepanua katazo hilo hadi kwa kazi zote, zilizotoka na zisizotoka. Hakutaka kuketi pale akijifanya anashangaa. Hivyo alikataa, na kila kukataa kulionekana kuwa dharau.

Kisha ilitoka tamthilia ya lifti. Ilikuwa ya vipindi nane, kimoja kila Jumamosi: lifti kubwa kama mtaa, yenye nahodha mmoja na abiria mia tatu, inapanda kwa kamba moja kutoka ardhini kwenda angani, safari ya miaka tisa. Mwaka wa nne, abiria wanaanza kusikia mtu anagonga kupitia kamba. Wote waliomo ndani wamehesabiwa. Nani anagonga?

Fundi alipoona tangazo lake alimshika Profesa mkono kwa nguvu za mtu anayekaza nati. Profesa alikuwa amekwisha kuitafsiri yote. Alitazama uso ule, akasema, "Haya, tuangalie hiyo," na huo ukawa uongo wake wa kwanza.

Alijifunza kushtuka. Alifanya hivyo vibaya, lakini Fundi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama kamba.

"Hiyo isingepita ukaguzi," alisema katika kipindi cha kwanza. "Na breki ziko wapi?"

Katika kipindi cha tatu aliisimamisha runinga, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Nimejua. Kila lifti ina uzani wa kusawazisha. Kibanda kikipanda, uzani unashuka. Sasa hapa uzani wameuficha wapi? Hawajautaja hata mara moja. Huo ndio unaogonga! Kuna lifti ya pili inashuka kwenye kamba ile ile, nayo ina watu."

Profesa alivua miwani, akaifuta. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno, na vipindi vitano vilikuwa havijatoka.

"Haiwezekani," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... simulizi haielekei huko. Wewe unafikiri kama fundi. Mwandishi hafikiri hivyo. Kugonga ni ishara ya majuto ya nahodha."

"Majuto yanagonga chuma?"

"Kifasihi, ndiyo."

Mfamasia alicheka. "Dada, umeleta bisibisi kwenye mambo ya watu wa vitabu."

Fundi alicheka pia, lakini baada yao, na kwa kifupi. Wiki baada ya wiki alirudi na hoja mpya, akachora kwenye kisanduku cha dawa ya meno namna kamba inavyozunguka gurudumu. Wiki baada ya wiki Profesa aliibomoa kwa sauti ya upole. Kufikia kipindi cha sita Fundi alisema, "Pengine mimi ndiye sielewi," na hakuisimamisha runinga tena.

Kipindi cha saba kilifichua kila kitu. Nahodha alishuka hadi chini ya kibanda, akasikiliza, kisha akawageukia abiria. Alizungumza kwa lugha ya kwao. Maana ilikuwa ije kwa maandishi. Sentensi hiyo ilikuwa imemsumbua Profesa siku mbili nzima, na alipoipata aliiona kuwa bora kuliko ile ya asili. Majivuno ya mtu anayefanya kazi isiyoonekana ni jambo la kusikitisha. Alisogea mbele kochini kuisubiri. Midomo yake ikaitamka kimya kimya, yote, sekunde moja kabla haijatokea kwenye kioo: *Sisi ni uzani wao, nao ni uzani wetu.*

Fundi alikuwa amemgeukia kushangilia ushindi wake. Aliiona midomo ile. Kisha akayasoma maneno kwenye kioo.

"Wewe ndiye uliyeyaandika."

Profesa alirudi nyuma kochini.

"Ulijua tangu kipindi cha tatu."

"Tangu kabla ya kipindi cha kwanza," alisema, kwa uaminifu uliochelewa. "Fundi, kuna mkataba..."

"Viatu vyako viko mlangoni."

Jumatatu Profesa alipiga simu mara saba. Jumanne alipata ujumbe wa maneno mawili: *Niko shimoni.* Ulikuwa ukweli wa kikazi, kwani Fundi alikuwa ndani ya shimo la lifti za hospitali akibadilisha kamba, lakini Profesa hakupata neno jingine hadi Alhamisi, simu ilipopokelewa na sauti isiyo ya Fundi.

"Shemeji, dada yuko bafuni, una dakika tatu. Umemfanya nini? Hata birika likichemka linamkera."

"Nilibishana naye."

"Sote tunabishana naye. Anatuchukia kwa zamu."

"Nilibishana nikijua yuko sahihi."

"Ah. Hapo umejichimbia mwenyewe, shemeji. Unajua kazini kwake? Kuanzia saa mbili asubuhi wanaume wasiojua kubadilisha balbu wanamwambia amekosea. Jumamosi alikuwa anapumzika. Na mimi mjinga nilikusaidia kumcheka... Anatoka. Haya, ongea naye."

"Sema," ilisema sauti ya Fundi.

"Mpenzi wangu..."

"Ruka hapo."

"Ningesema, ningefukuzwa kazi."

"Nani alikuambia utoboe siri? Ungesema 'siwezi kusema', basi."

"Kusema siwezi kusema ni kusema tayari. Ungejua."

"Ningejua kwamba akili yangu ni nzima! Wewe uliona ni heri nijione mjinga, mbele ya mdogo wangu, wiki nne, ili wewe uwe salama."

Mtu huyu alikuwa ametafsiri majibu ya mashujaa elfu moja, na hakuna hata moja lililofaa.

"Ndiyo," alisema. "Niliona hivyo. Nilifanya hivyo."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa hoja. Kukiri hakukuwa kwenye orodha.

"Njoo Jumamosi," alisema hatimaye. "Uyaseme hayo mdogo wangu akisikia."

Alikuja, shati limepigwa pasi mbele na nyuma. Aliyasema akiwa bado amesimama, bila fasihi. Mfamasia aliomba radhi pia, kisha akagundua kwamba ana zamu dukani, jambo ambalo halikuwa kweli.

"Kipindi cha nane," alisema Profesa, "nimekifanyia kazi. Siwezi kusema chochote."

"Vizuri. Basi kaa pale." Fundi alimwonyesha kigoda kilichowekwa mbele ya runinga, kikiipa mgongo. "Unitazame mimi. Midomo nimeichoka."

Hivyo alikitazama kipindi cha mwisho usoni mwa Fundi: mwanga wa buluu ukimpita shavuni, nyusi zikipanda, kucha yenye alama ya grisi ikigonga jino. Alikuwa amekitazama mara kumi na moja na hakuwahi kukiona hivi. Ilipofika dakika ya thelathini alishindwa.

"Nikuulize jambo?"

"Hakijaisha."

"Najua. Unaolewa na mimi?"

Fundi aliisimamisha runinga. Aliinama, akamtazama kwa muda mrefu, kichwa kimeelekea upande mmoja, kama asikilizavyo mota kabla ya kuifungua. Jasho lilikuwa limemtoka Profesa juu ya miwani. Alikuwa na hofu ya dhahiri, isiyoweza kuigizwa, hasa na mwigizaji mbovu kiasi kile.

"Jibu unalijua?"

"Silijui."

Alimwamini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kipindi cha saba, naye alijikagua mara mbili kuhakikisha.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti kavu atumiayo kuruhusu lifti irudi kazini. Kisha akajisogeza kumpa nafasi kochini na kubonyeza rimoti, maana zilibaki dakika kumi na tisa, na yeye hakuwa ameambiwa zinaishaje.